Musa wa Sketi na Wenzake wa Zamani

Somo juu ya amri ya saba na juu ya toba ya kweli

Kila mwaka, katika darasa la wakatekumeni, huonekana mtu anayeketi mwisho wa benchi, karibu na mlango. Amekuja kwa hiari yake, ajifunza sala, ajibu maulizo ya katekisimu vema kuliko wengine. Lakini majirani wamwonapo akipita na kitabu chake hucheka kidogo, kisha huangalia mbuzi wao. Wajua alikuwa nani. Na wako watu wengine wajuao zaidi, wale waliotembea naye usiku. Hao hawacheki. Wangoja tu kuona kama atadumu, maana yeye ajua siri zao, nao wajua zake. Mwishoni mtu huyo humwendea mkatekista kwa faragha na kumwuliza: "Wale wenzangu wakija kunibishia mlango usiku, nifanye nini?"

Ulizo hilo si jipya. Mtu mmoja wa Afrika alilijibu kwa matendo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Jina lake ni Musa. Kanisa lamwita Mtakatifu Musa Mweusi, au Musa Mwethiopia, na sikukuu yake katika Kanisa Katoliki ni tarehe 28 Agosti. Asichanganywe na yule Musa wa Agano la Kale, aliyewatoa Waisraeli utumwani. Huyu naye aliishi Misri, lakini katika karne ya 4 baada ya Kristu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa unyang'anyi.

Habari zake nyingi ziliandikwa na Palladius. Huyo alifika Misri karibu na mwaka 388, akakaa miaka mingi pamoja na watawa wa jangwani, baadaye akawa askofu. Na karibu na mwaka 420 akaandika kitabu juu ya wale aliowaona na wale aliosikia sifa zao. Habari nyingine zimo katika mkusanyo wa maneno ya wazee wa jangwani, ambayo wanafunzi waliyashika kwa masikio kabla ya mtu kuyatia katika kitabu.

MTUMWA ALIYEFUKUZWA

Wagiriki wa zamani waliposema "Mwethiopia" walitaka kusema mtu mweusi, mwenyeji wa nchi zilizo kusini ya Misri. Musa alikuwa hivyo, mtu mrefu wa nguvu, mtumwa wa afisa mmoja wa serikali. Bwana wake alimvumilia kitambo, mwisho akamfukuza kwa sababu ya ukaidi na wizi wake. Watu walisema alifika hata kuua. Palladius haoni furaha kuyaandika hayo, lakini aeleza sababu yake: mtu asipoambiwa ubaya wa Musa ulikuwa mkubwa namna gani, hataweza kupima ukubwa wa toba yake.

Mtumwa aliyefukuzwa hana shamba, hana ukoo, hana mtu wa kumtetea. Musa akaenda kwa watu wa hali kama yake, na kwa kuwa aliwapita kwa nguvu, wakamfanya mkuu wa kundi lao. Habari moja ya siku zile yatosha kumwonyesha.

Usiku mmoja alikuwa amefanya shauri la kuiba mahali fulani. Karibu na hapo alikuwapo mchungaji wa kondoo pamoja na mbwa wake, nao wakamzuia, shauri likaharibika. Musa akaondoka, asisahau. Akakusudia kumwua mchungaji yule, akazunguka akiuliza mahali anapolaza kundi. Akaambiwa: yuko ng'ambo ya Nili.

Wakati ule mto ulikuwa umefurika. Wakatekumeni wa Beni waonao Semliki ikishuka wajue ya kuwa maji yake huingia katika ziwa Albert, hutoka humo katika Nili, na kwenda safari ndefu mpaka Misri. Lakini gharika yenyewe ya kila mwaka ililetwa hasa na mvua za milima ya Ethiopia, na kabla bwawa kubwa la Aswan halijakamilika mwaka 1970, maji hayo yalifunika mashamba ya Misri kila mwaka. Palladius asema ya kuwa siku hiyo upana wa mto ulikuwa kama maili moja. Musa akavua kanzu yake, akaiweka kichwani, akaushika upanga kwa meno, akajitupa majini.

Alipokuwa akiogelea, mchungaji alipata nafasi ya kujificha, alijifukia mchangani. Musa akafika, akatafuta, asimwone. Basi akachagua kondoo dume wanne walionona kuliko wote, akawachinja, akawafunga kwa kamba, akauvuka tena mto huku akiwavuta. Akawachuna, akala nyama iliyo bora, akauza ngozi kwa divai, akainywa yote, tena ilikuwa nyingi, kisha akaenda kwa miguu maili hamsini mpaka walipokuwa wenzake.

Habari hii husimuliwa mara nyingi ili watu wastaajabie nguvu za Musa, na kweli zastaajabisha. Lakini msomaji na amtazame yule mchungaji mchangani. Amemkosea Musa neno gani? Hakumpiga, hakumshitaki. Alikuwapo tu na mbwa wake. Hivyo ndivyo wizi unavyomwongoza mtu. Mara ya kwanza mwizi hutamani kitu cha jirani; baadaye humchukia jirani kwa sababu jirani ana macho; mwisho hutaka macho hayo yafumbwe. Amri ya saba na amri ya tano zimetengwa katika katekisimu, lakini katika njia ya usiku hukaa karibu sana. Na faida ilikuwa nini? Nyama ya siku moja, ulevi wa siku moja, na safari ndefu ya kurudi kwa wenzi ambao siku Musa atakapodhoofika watamwacha njiani.

JANGWA LA SKETI

Musa hakutubu katika ujana. Palladius asema alichelewa, na ya kuwa tukio fulani lilimchoma moyo, naye akajitoa kwa watawa.

Mahali penyewe paliitwa Sketi. Siku hizi ni Wadi El Natrun, bonde lililo kaskazini magharibi ya mji wa Cairo, chini kuliko usawa wa bahari. Ndani yake mna maziwa madogo ya chumvi, na magadi yake yalichukuliwa na Wamisri wa kale kwa kutunza maiti zisioze. Karibu na mwaka 330 Mtakatifu Makario alikwenda kukaa huko peke yake, na wengine wakamfuata. Hawakujenga nyumba moja kubwa. Kila mtawa alikuwa na kibanda chake, mbali kidogo na jirani, akisuka kamba na vikapu vya majani ya mtende, akiviuza, akila mkate mkavu. Na mwisho wa juma wote walikutana kanisani kwa sala na kwa Misa. Mikono iliyozoea kuchukua vya watu ikajifunza huko kutengeneza kitu cha kuuza kwa haki. Kazi ya kusuka yachosha vidole na haina sifa. Huenda kwa mtu kama Musa ilikuwa ngumu kuliko kuvuka Nili.

USIKU WA WATU WANNE

Ndipo ulizo la mkatekumeni likamfikia Musa kweli, tena bila hodi. Wanyang'anyi wanne walimvamia kibandani mwake. Hawakumjua. Walidhani ni mtawa kama wengine, dhaifu kwa kufunga, asiyeweza ila kupiga magoti na kulia. Watu wa kazi ileile aliyoiacha. Desturi zao alizijua zote, tangu namna ya kunyemelea mpaka namna ya kugawana.

Na ifikiriwe hali yake wakati ule. Njia zilikuwa mbele yake, tena nyingi. Aliweza kuwaua wote wanne, na upanga wake wa zamani ungaliona kazi hiyo kuwa ndogo. Aliweza kuwapiga mpaka wajute. Aliweza pia kufanya jambo ambalo kwa mwizi wa zamani ni jepesi kuliko yote: kujitambulisha kwao, kucheka nao, kuwapa mkate, kuwaacha waende kwa kibanda cha mtawa mwingine, na asubuhi kunyamaza kama hakuona kitu. Wengi waliotubu wameangukia hapo. Hawakurudi kuiba; walirudi kunyamaza.

Musa hakufuata hata njia moja ya hizo. Aliwashika, akawafunga wote wanne kama mtu afungavyo tita la majani makavu, akawatwika mgongoni, akaenda nao gizani mpaka kanisa la ndugu. Watu wanne! Akawatua mbele ya wazee, akawaambia ya kuwa yeye hana ruhusa tena ya kumdhuru mtu, lakini hawa wamemjia kwa ubaya. Basi wazee waamuru litakalofanyika.

Jibu hilo na litazamwe vizuri. Mtu aliyekuwa mkuu wa wanyang'anyi, aliyezoea kuhukumu na kuua kwa neno lake mwenyewe, sasa aomba shauri. Hajifanyi hakimu, wala hajifanyi rafiki wa waovu. Aleta neno la usiku katika nuru, mbele ya watu walio na haki ya kulitengeneza.

Wale wanne wakakiri kosa lao. Tena walipopata kujua ya kuwa aliyewabeba ni Musa, yule ambaye jina lake lilivuma zamani kati ya wanyang'anyi wote, wakapigwa na bumbuazi. Wakafikiri mioyoni mwao: ikiwa mtu wa nguvu kama huyu, hodari wa wizi kupita wote, amemwogopa Mungu, wao wangoja nini? Wakamtukuza Mungu, wakaiacha dunia, wakawa watawa.

Si kila mwizi abebwaye mgongoni huwa mtawa, na mkatekumeni asitumaini hivyo. Wengine huondoka kwa hasira na kutafuta kisasi. Lakini tendo la Musa lilikuwa jema kabla wale wanne hawajatubu, na lingalikuwa jema hata kama wasingalitubu.

Basi mkatekumeni wa benchi ya nyuma apata jibu lake. Mwenzi wa zamani hatakuja na upanga. Mara nyingi huja kwa upole, na gunia. Atasema: "Ndugu yangu, uniwekee mzigo huu mpaka kesho; nani atamshuku mtu wa sala?" Hapo na ajue ya kuwa anayeficha kitu cha wizi ni mshirika wa wizi, na anayekinunua kwa bei ndogo huku akijua, yeye pia. Au mwenzi atasema: "Usije, usiibe, ungoje tu njiani upige mluzi mtu akipita." Huo ni wizi bila kugusa kitu. Au ataogofya: "Ukikataa nitasema yale ya mwaka ule." Neno hilo la mwisho ndilo limetalo roho za wengi, na dawa yake ni moja: kwenda mwenyewe kusema kabla hajasema yeye. Na aende kwa Padri au kwa mkatekista, na ikiwa neno lahusu watu walio hatarini usiku huo, kwa mkuu wa kijiji. Siri iliyokwisha kusemwa mahali pa haki haimfungi mtu tena.

KURUDISHA

Kuna mambo mawili ambayo wakatekumeni hupenda kuyasahau, na la kwanza ni kurudisha. Kuacha wizi ni jambo moja. Kurudisha kilichoibwa ni jambo la pili, na la kwanza halimalizi la pili. Zakayo mtoza ushuru, Bwana Yesu alipoingia nyumbani mwake, hakusema tu kwamba hatadanganya tena. Aliahidi kurudisha mara nne, na kuwapa maskini nusu ya mali yake. Anayetubu na huku baiskeli ya mwenziwe ingali nyumbani mwake bado hajamaliza kutubu.

Kitu kikiwapo, na kirudishwe chenyewe. Kikiwa kimeliwa au kuuzwa, ilipwe bei yake, hata kwa vipande vidogo, kuku leo, fedha kidogo baada ya mavuno. Mwenye mali akiwa amekufa, walipwe warithi wake. Asipojulikana kabisa, wapewe maskini. Na asiye na kitu chochote awe na nia ya kweli ya kulipa siku atakapoweza, wala nia hiyo isizeeke ikawa maneno tu. Kanisa halimlazimishi mtu ajiaibishe mbele ya kijiji kizima. Aweza kurudisha kwa mkono wa Padri, na jina lake lisitajwe. Wapo wanaoogopa ya kuwa watoto wao watalala njaa kwa ajili ya deni hilo. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini na wafikiri pia watoto wa yule aliyeibiwa, ambao walilala njaa bila kuulizwa.

MWENZI WA TANGU UJANA

Jambo la pili ni hili. Palladius aandika neno la ajabu, ya kuwa Musa alipotubu alikuwa na mwenzi mmoja mwovu aliyeshirikiana naye tangu ujana katika kila dhambi, naye ni pepo. Wanyang'anyi wanne walikwisha usiku mmoja. Huyu hakukwisha.

Musa alishambuliwa na tamaa mbaya, mchana na usiku, hata akawa karibu kuyaacha maisha yake mapya. Akaenda kwa mzee Isidori, padri wa Sketi, akamweleza yote. Mzee hakushangaa wala hakumkemea. Alimfundisha kwa mfano wa mbwa wa sokoni: amezoea kupewa mifupa pale nyama inapouzwa, basi kila siku arudi, lakini mahali pakifungwa, na asipewe kitu tena, mwisho aenda zake kwa njaa. Ndivyo ilivyo mazoea. Hayaondoki siku mtu anapoamua. Yarudi mlangoni kwa miguu yao ya kale, yangoja mfupa. Na kila mfupa mmoja utupwao kwa huruma huwapa nguvu ya kungoja mwezi mwingine.

Habari nyingine yasimulia ya kuwa Isidori alimpandisha Musa juu ya dari ya nyumba, akamwambia atazame magharibi, naye akaona jeshi la pepo likifanya ghasia. Kisha atazame mashariki, akaona malaika wasiohesabika waking'aa. Mzee akamwonyesha ya kuwa walio upande wake ni wengi kuliko walio kinyume chake. Musa akarudi kibandani mwake akiwa na moyo.

Hata hivyo vita haikwisha. Musa alifunga, akafanya kazi, akasali. Kwa miaka sita alikesha usiku akisimama katikati ya kibanda chake, bila kufumba macho, na tamaa haikumwacha. Ndipo akatafuta kazi nyingine. Usiku alikuwa akizunguka vibanda vya wazee waliodhoofika, akachukua mitungi yao bila wao kujua, akaenda kisimani, akaijaza. Kisima kilikuwa mbali: kwa wengine maili mbili, kwa wengine tano, kwa wengine nusu maili. Zamani usiku ulikuwa wakati wake wa kuingia karibu na nyumba za watu na kutoka na mali yao. Sasa aliingia na kutoka kwa siri ileile, ila asubuhi watu walikuta mtungi umejaa. Hapo kuna namna ya kurudisha ambayo hakuna hakimu awezaye kuiamuru.

Usiku mmoja, alipoinama kisimani, alipigwa rungu kiunoni. Palladius asema ni pepo aliyempiga. Akaanguka kama mfu. Kesho yake mtu aliyekuja kuteka maji akamwona, akampasha habari Isidori, nao wakamchukua kanisani. Akaugua mwaka mzima. Isidori akamwonya ya kuwa hata ushujaa una kipimo, aache kushindana na pepo kwa nguvu zake mwenyewe. Kisha, kwa jina la Yesu Kristu, akamwambia ya kuwa vita hiyo imekwisha, akaribie Komunyo Takatifu kwa matumaini. Na ya kuwa Mungu alikawia kumwokoa ili asije akajisifu kwamba ameshinda kwa kukesha na kufunga kwake. Musa alikuwa amezoea kushinda watu wanne kwa mikono miwili. Kushindwa huko kwa miaka kulimfundisha ambalo nguvu haziwezi kumfundisha mtu. Baada ya hapo, asema Palladius, hakuwaogopa pepo hata kama mtu aogopavyo nzi.

MTUNGI UNAOVUJA

Na wale majirani wanaocheka? Musa alikuwa nao pia, hata jangwani. Siku moja wazee walipokusanyika, baadhi yao walimdharau mbele ya wote, wakiuliza huyu mtu mweusi aingia kati yao kwa nini. Matusi hayo yalikuwa mabaya, na utakatifu wa mahali haukuyafanya kuwa mema. Musa akanyamaza. Walipotawanyika wakamwuliza kama hakuudhika. Hakusema uongo: alikiri kwamba aliudhika, ila aliuzuia ulimi wake. Mkatekumeni na ashike jambo hili. Haikuandikwa kwamba mtakatifu hasikii uchungu.

Baadaye ndugu mmoja wa Sketi alianguka katika kosa. Wazee wakaketi kumhukumu, wakamwita Musa, akakataa kwenda. Padri akatuma mtu tena, kwa kuwa wote walimngoja. Basi akaondoka, akachukua mtungi uliotoboka, akaujaza maji, akaja nao mgongoni huku maji yakivuja njiani nyuma yake. Wakatoka kumlaki, wakamwuliza maana yake. Akawajibu ya kuwa hivyo ndivyo dhambi zake zinavyomiminika nyuma yake asizione, naye leo aitwa kuhukumu makosa ya mwingine. Wazee hawakumwambia yule ndugu neno, wakamsamehe.

Musa aliyewaleta wanyang'anyi wanne mbele ya wazee ni Musa yuleyule aliyekataa kuketi katika baraza hilo. Wako wasomaji watakaoona mambo hayo mawili yapingana. Wale wanne walikuwa wakija kudhuru watu, na walipaswa kuzuiwa. Ndugu huyu alikuwa ameanguka, na alipaswa kuinuliwa. Kijiji kimchekacho mtu wa benchi ya nyuma hakikosi kwa kufunga mbuzi wake vizuri. Chakosa kwa kuufunga mlango wa toba.

UPANGA

Musa alipewa upadri. Palladius asema alifariki akiwa na umri wa miaka 75, akaacha wanafunzi 70. Wazee wa jangwani wasimulia namna alivyokufa. Karibu na mwaka 407 makabila ya jangwa yalishambulia Sketi. Musa alikuwa ameketi na ndugu saba, akawaambia ya kuwa siku ile wavamizi watafika, basi wakimbie. Wakamwuliza kama yeye hatakimbia. Akasema kwamba siku hiyo ameingoja miaka mingi, kwa ajili ya neno la Bwana juu ya wale washikao upanga. Wao wakasema hata wao hawataondoka. Musa hakuwashika wala hakuwafukuza, bali aliwaambia kila mmoja aangalie nafsi yake.

Wavamizi wakaingia, wakawaua. Ndugu mmoja tu aliponyoka, akajificha nyuma ya rundo la kamba zilizosukwa, na kutoka hapo aliona taji saba zikishuka juu ya waliouawa. Mabaki ya Musa yatunzwa hata leo katika monasteri ya Baramus, katika bonde lilelile la Wadi El Natrun.

MAULIZO YA DARASA

Kwa nini Musa alimchukia mchungaji? Wanyang'anyi wanne walipomwingilia, ni mambo gani mabaya ambayo angaliweza kuyatenda, na ni lipi ambalo lingalionekana kuwa jema machoni pa watu? Mtu aombwaye kuficha gunia la wizi usiku mmoja tu ana kosa gani? Isidori alitaka kumfundisha Musa nini kwa mfano wa mbwa? Mtu aliyeiba shoka, akaliuza, na mwenyewe amehamia mbali, afanye nini? Na yule mchungaji aliyejifukia mchangani, kama angalifika Sketi siku moja akauliza habari za kondoo wake wanne, Musa angalipaswa kumpa nini?